Siku Pratap Alipopiga Magoti Mapendo

Léopold hajui Kihindi hata neno moja, lakini ndiye aliyetutafsiria filamu za Kihindi miaka sita katika chumba chake cha sinema, mtaani Mapendo. Anasoma Kifaransa kilichoandikwa chini ya picha, anashika mikro, nasi tunasikia Kiswahili. Asipoelewa, anatunga.

Tuliyoipenda zaidi ni ya Pratap, mfalme wa Mewar, aliyekataa kuinama mbele ya Akbar, mfalme mkubwa aliyekuwa akimeza nchi za jirani. Wajumbe wa Akbar wanakuja kumtaka ainame, Pratap anawarudisha. Hapo Léopold alikuwa akijipiga kifua na kunguruma: "Miye sitapigia mutu magoti!" Hata sokoni alijiita Pratap, na sisi wajinga tukamwitikia.

Jumapili moja akaingia chef mpya, mkuu wa mtaa aliyewekwa na wakubwa waliokuja na bunduki. Akaketi benchi la mbele na walinzi wake. Alikuwa ameshafunga vyumba viwili vya sinema kwa neno moja, na Léopold ana watoto watano wanaokula kwa chumba hiki. Na siku hiyo ilikuwa zamu ya filamu ya Pratap.

Mjumbe wa kwanza akafika. Pratap akachana barua.

"Mufalme anasema merci, aksanti sana kwa barua," akatafsiri Léopold.

Wa pili akafika. Pratap akachomoa upanga.

"Anasema siku ya samedi atakuya kwa salongo, ile kazi ya chef ya kufagia barabara. Ule upanga ni wa kukata majani."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Vita vikaanza, watu wakachinjana, Léopold akasema ni ndugu wanaoelewana polepole. Farasi wa mfalme akafa, Léopold akasema amelala.

Chef akasimama.

"Simamisha! Miye kule kwetu Kiwanja niliona hii filme mara kumi. Ile maneno ya magoti iko wapi? Pratap ni mutu kama siye wenye bunduki, hakuogopa mukubwa. Weye unamuharibu juu ya nini?"

"Pardon, chef."

"Rudisha nyuma. Sema."

Mashine ya kuonyeshea filamu huwekwa sakafuni, chini ya televisheni. Léopold akapiga magoti mbele ya buti za chef, akarudisha filamu, na kwa kuogopa kumchelewesha hakuinuka.

"Miye sitapigia mutu magoti," akasema kwa adabu, kutoka pale chini.

Chef akafurahi, akapiga makofi. Chumba hakikufungwa. Nasi wote tukapiga makofi, mimi kwa nguvu kuliko wengine, maana mlinzi mmoja alikuwa ananitazama.