Cha Dashibodi

Gari la Japani halikufika yadini kwetu likiwa tupu. Wewe uliyeliona baadaye linameremeta mbele ya soko la Moshi ulidhani limezaliwa jana. Sisi tuliolifungua mlango wa kwanza ndio tuliojua. Ndani ya dashibodi mwenyewe wa kule alikuwa ameacha nusu ya maisha yake: kanda za muziki, mwavuli wa kukunja, hirizi ya hekaluni iliyoshonwa kwa hariri, vijiti vya kulia, peremende zilizoyeyuka baharini zikagandana na bisibisi. Na mara mojamoja, labda gari moja katika meli nzima, unakuta kigari cha chuma, urefu wa kidole, milango inafunguka, usukani upo.

Vigari hivyo nilivikusanya mimi. Malori na mabasi niliwapelekea wajukuu nyumbani kwangu Kirua Vunjo, mlimani. Nilichobakiza ni magari ya michezo ya zamani, ya viti viwili, yasiyo na paa. Nilikuwa na Fairlady mbili, nyeupe na ya buluu, na Mazda ya kijani ambayo taa zake zinalala kama macho ya mlevi, na mengine machache. Majina niliyajua kwa picha za magazeti ya Kijapani tuliyoyakuta chini ya viti. Maandishi yake hakuna aliyeyaweza.

"Mzee mzima na toi," Rachel alikuwa akinitania. Yeye ndiye aliyeosha na kushona viti. "Katibu, ukifa tukuzike nazo?"

"Nizike nazo. Ila uzifute vumbi kwanza."

Kwa nini yale yasiyo na paa, sijui. Labda kwa sababu ni gari lisilobeba kitu. Halibebi mkungu wa ndizi, halibebi gunia, halibebi maiti. Mimi maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye vitu vinavyobeba.

Katibu waliniita kwa sababu ya kiwandani. Nilikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi, na shule niliishia darasa la nne. Kilichobaki nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sukari. Enzi za Mwongozo wa chama, uliompa mfanyakazi sauti, tulimfungia meneja nje ya geti, akakaa juani mpaka akakubali kuzungumza na sisi kama watu. Kisha ikaja miaka ya ruksa, ya soko huria, kiwanda kikauzwa, geti likafungwa, na safari hiyo waliokuwa nje ni sisi. Mimi sisahau. Ndiyo elimu yangu.

Kwa hiyo nakumbuka vizuri siku Bhupendra alipofungua yadi yake ya magari, kwenye barabara ya kwenda mtaa wa Soweto. Alisimama juu ya tairi akasema, "Jamani, chai sina, nauli sina. Lakini mtakachokuta kwenye dashibodi ni chenu."

Nikamuuliza mbele ya wote, "Hata kikiwa dhahabu?"

"Hata kikiwa dhahabu, Katibu! Usinitie kidole jichoni asubuhi yote hii."

Tukacheka. Lakini hayo yalikuwa makubaliano. Rachel aliuza miavuli na kanda sokoni, na watoto wake walivaa sare kwa miavuli ile. Wengine walipata spana, tochi, miwani. Mimi nilipata vigari, nikavipanga stoo juu ya kreti la betri.

Mwaka ule wa mvua nyingi, wa El Nino, alikuja mgeni kutoka Japani, wakala aliyemuuzia Bhupendra magari. Nilikuwa nje nafunga betri. Niliporudi stoo nikaona juu ya kreti alama safi katikati ya vumbi, umbo la Fairlady nyeupe, na Fairlady yenyewe hakuna.

"Amempa mgeni," Rachel akasema bila kuinua uso kutoka kwenye kiti alichokuwa akishona.

"Nani?"

"Nani mwingine? Bosi. Mgeni kaishika kwa mikono miwili, kainama. Karibu alie, maskini. Eti baba yake alikuwa nayo, ile kubwa yenyewe."

Mgeni sikumchukia. Nilikwenda ofisini.

"Katibu, kitoi kimoja!" Bhupendra akainua mikono. "Nitakuletea kumi kutoka Dubai."

"Umekitoa kwa ruhusa ya nani?"

"Stoo ya nani ile?"

"Na cha dashibodi cha nani?"

Bhupendra akajifanya anatafuta kalamu.

Kesho yake hatukuosha gari hata moja. Tulikaa juu ya matairi, mvua inagonga bati, magari yamejaa chumvi ya bahari. Niliwaambia wenzangu kwamba sigombei toi. Leo amechukua kwenye kreti langu, kesho atachukua miavuli ya Rachel, na kesho kutwa atasema hakuwahi kuahidi kitu. Nilishaona. Haki haiondoki kwa kishindo. Huanza kuondoka kama mzaha, na ukilalamika wanakuuliza huna ucheshi?

Jumapili, watu wametoka kanisani, Bhupendra akapanda Kirua. Gari alilazimika kuliacha chini, tope lilikuwa halipitiki. Akaja kwa miguu kati ya migomba, suruali imelowa mpaka magotini, na mkononi, mbele ya macho ya kijiji kizima, amebeba jani la isale limefungwa fundo.

Isale ndilo jani linalozunguka vihamba vyetu, mashamba ya nyumbani. Ndilo mpaka, na ndilo hupandwa kaburini. Ukiletewa jani lake limefungwa fundo, umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Ukishalipokea, jambo lile hulitaji tena, si kwa hasira, si kwa utani. Bhupendra alilijua hilo kama mimi. Baba yake aliuza mafuta ya taa na chumvi kwenye miteremko hii. Mtoto alikulia kaunta, anaongea Kichagga cha kununulia ndizi na cha kutukania.

"Habari za hapa, Mama Ruth?"

"Karibu, baba. Umelowa jamani," akasema mke wangu, Elinipendo, akimsogezea kigoda.

Hakukaa. Alinyoosha jani kwa mikono miwili. "Katibu, nimekosa."

"Umekosa nini?" nikauliza, maana nilitaka alitaje.

"Wewe!" Elinipendo akanikatiza. "Isale halihojiwi."

Nyuma ya ua majirani walishaanza kupita polepole, kila mmoja ghafla anatafuta mbuzi wake. Nani amewahi kukataa isale akaendelea kuitwa mtu? Nikalipokea. Bhupendra akapewa mtindi kwenye kibuyu, akaunywa wote, akajifuta mdomo.

"Limekwisha?"

"Limekwisha," nikasema.

Alipoondoka, Elinipendo akalichomeka jani juu ya mlango. "Umefanya vema."

"Amenifunga mdomo."

"Mdomo wako ulikuwa umechoka, Baba Ruth."

Ilikuwa kweli.

Jumatatu Bhupendra alitukusanya. Hakupanda juu ya tairi safari hii. "Kuanzia leo, vitu vyote vya dashibodi viletwe ofisini, nitaviangalia mwenyewe. Isipokuwa vigari. Vigari ni vya Katibu, asiviguse mtu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno, tena mengi, yamenijaa kifuani kama maji ya mfereji. Lakini jambo lilikuwa lilelile, na isale lilikuwa juu ya mlango wangu. Mpaka leo sijui kama mtu yule alipanda Kirua na toba au na hila. Huenda alipanda na vyote viwili. Jani moja linabeba.

"Sema, Katibu," Rachel akaninong'oneza.

Nikainama kufunga kamba za kiatu.

"Leo bubu?"

"Nimepokea isale, Rachel."

"Mimi sikuletewa jani wala ugoro." Akapaza sauti. "Bosi, na miavuli yangu?"

"Ofisini, Rachel. Nimeshasema."

Akatupa kitambaa ndani ya ndoo, maji yakaruka. "Hongera, Katibu," akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Umepata toi."

Mchana nilifungua Corolla ya kijivu. Ndani ya dashibodi kulikuwa na mwavuli, kanda mbili, na kitu kimefungwa kwenye leso ya mtoto. Nikaifungua leso. Honda, ile ndogo ya viti viwili, ya njano, ambayo nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Boneti ilifunguka kwa ukucha. Ndani yake injini, nyaya nyembamba kama nywele. Mtu alikuwa amekaa mahali akazichomeka moja moja. Nilikaa kwenye kiti cha abiria nikaitazama mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yangu.

Kisha nikachukua mwavuli, kanda na Honda. Nikapita stoo, nikalibeba na kreti zima la vigari. Nikaingia ofisini nikaviweka vyote mezani, juu ya karatasi zake.

Bhupendra aliinua Honda. "Katibu, hii ni yako. Nimesema vigari ni vyako."

Nikalisogeza kreti mbele yake.

"Na hivi vingine? Ni vyako vya zamani hivi!"

"Vilitoka kwenye dashibodi."

"Tulimaliza, Katibu. Ulipokea jani."

"Nililipokea. Je, nimetaja neno lolote?"

Bhupendra akatazama meza iliyojaa vigari visivyo na paa, hana pa kuweka kiwiko. Nikamwacha hapo na Honda mkononi. Nikashuka ngazi za ofisi, nikajua kuwa sitakusanya tena.

Rachel alikuwa ameshaanza upande wa pili wa Corolla. Alikuwa ameniona napita na kreti. Hakunitazama, ila ndoo aliisukuma kwa mguu ikanifikia. Maji yalikuwa machafu. Nikayamwaga, nikaenda bombani kuchota mengine.