Unavuka kama Nani?

Jana nililala mapema kwa uchovu, nikaota niko kazini.

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za hospitali. Tuna seva mbili: moja inatunza kumbukumbu za wodi, nyingine za benki ya damu. Ijumaa niliziunganisha, na kwa haraka ya kuwahi nyumbani nikapanga kwamba yeyote anayetoka upande wa wodi atambulike upande wa pili kama Mkurugenzi. Mkurugenzi haulizwi maswali. Nikaona nimerahisisha.

Ndotoni Sista Atupele wa wodi ya wazazi ananijia akiwa na wasiwasi. Ananieleza kwamba Mama Subilaga amejifungua salama lakini anatoka damu nyingi, na kundi lake la damu limeandikwa upande wa pili. Kompyuta ya wodi imegoma, niende mwenyewe.

Nakwenda. Seva ya wodi imesimama mlangoni, kabati la chuma lenye taa za kijani, limevaa miwani ya kusomea.

"Unavuka kama nani?" inaniuliza.

"Kama Tusekile. Mimi mwenyewe."

"Upande wa pili hawamjui Tusekile."

Nikaomba nivuke bila jina. Ikaniruhusu, ikanionya tu nisishangae. Nilipovuka nikakuta sina mikono, na benki ya damu imekuwa posta. Nikamwamkia mama wa dirishani. Akatazama ukuta uliokuwa nyuma yangu, akafunga dirisha.

Niliporudi, seva ikanionyesha koti jeusi lililotundikwa msumarini. Lilibandikwa karatasi yenye mwandiko wangu: Kila anayevuka avae hili. Nikalivaa. Lilinifika magotini na lilinukia marashi ya Mkurugenzi.

Safari hii posta imekuwa jiko la hospitali. Watu wote wanasimama kunipa heshima, nami naona kila mmoja wao amevaa koti lile lile. Yupo mlinzi wa maegesho, yupo mfua mashuka, na yupo Mzee Lwinga, mpishi wetu, ameinamia orodha ya wagonjwa akiwa na kalamu.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Makundi ya O yamezidi, mwanangu. Nayageuza mengine yawe B, orodha ipendeze."

Mezani palikuwa na daftari la mabadiliko, linaloandika kila anayegeuza kitu. Nikaliuliza ni nani aliyeruhusu jambo hilo. Likasema ni Mkurugenzi. Na kabla yake? Mkurugenzi. Na mimi ni nani? Mkurugenzi, likajibu kwa adabu.

Mzee Lwinga alikuwa amefika herufi R. Nikamwamuru aache.

"Mkurugenzi hawezi kumwamuru Mkurugenzi," akasema kwa upole, akafunua ukurasa wa S.

Nikakimbia hadi mlangoni nikaichana ile karatasi. Nyuma yangu makoti yakaanguka sakafuni, na wote waliokuwa jikoni wakajikuta nje. Herufi zilizogeuzwa zikarudi zilivyokuwa, kwa kuwa sasa hakukuwa na aliyezigeuza.

Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika kwamba Tusekile wa huku ni Msomaji wa kule: aone, asiandike.

"Na wengine?" seva ikauliza.

"Asiyeandikwa hapa asivuke."

Ikavua miwani, ikaifuta taratibu. "Ungeandika hivyo Ijumaa," ikasema.

Nikavuka, mikono ninayo. Kwenye orodha jina la Mama Subilaga lilikosewa herufi moja. Nikajaribu kuisahihisha, kalamu ikakataa kutoa wino. Lakini kundi lilisomeka vizuri: O. Nikamwita Sista kwa nguvu zangu zote, nikaamka.

Saa moja asubuhi nilikuta ujumbe wake kwenye simu. Mama Subilaga ameongezewa damu, aliandika, sasa anakunywa uji, na anakushukuru kwa kumsomea kundi lake. Ila uwahi kidogo leo, maana Mzee Lwinga amesimama mlangoni mwa ofisi yako tangu alfajiri, anauliza kwa nini hatambuliki tena.