Dawa Ndani ya Tangi

Mimi si mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu. Siku ile nilikuwa nakung'uta kitambaa cha meza dirishani, na kama mkwe wangu alitaka siri, angeongea chini.

Alikuwa uani, kando ya karavani, simu kaibana begani, anaongea na dada yake. "Dawa nimeshaitia," akasema. "Sasa naiacha ilale humo, ienee kila bomba. Siku ya kunywa, hata ladha hutaisikia. Ila mama mkwe asijue kitu mpaka tuondoke, umenielewa?"

Dada mtu sijui kama alielewa. Mimi nilielewa vizuri sana.

Hiyo karavani ni chumba chenye magurudumu, na tangi lake la maji chini ya sakafu, ambacho marehemu mume wangu alikuwa akikivuta kwa gari kila likizo, mimi na yeye mbele, watoto nyuma wanapigana. Tangu atutoke ilikaa uani inashika kutu. Mwaka huu kitindamimba wangu na mkewe wakaamua kuifufua: matairi, mapazia, godoro. Kila siku ni safari, safari, na hakuna aliyefungua mdomo kuniuliza, mama, na wewe utakuja? Hata mto wangu mzuri wa kulalia ulikuwa umetoweka, na nilijua kabisa nani kauchukua. Niliumia, sikatai. Lakini kuachwa nyumbani ni jambo moja. Mwanangu kutiliwa limbwata, akasahau kama ana mama, hilo ni jambo jingine, na halikuwa la kupita mbele ya macho yangu haya.

Mkwe wangu ni msusi, mchana hakai nyumbani. Alipotoka tu, nikajilaza chali chini ya karavani, na magoti yangu haya mabovu. Kizibo cha kumwagia maji ya tangi nakijua. Nimeshika ndoo pale miaka mingi huku mume wangu ananikemea kwamba nachafua viatu vyake. Nikakizungusha. Maji yakanimwagikia, yakanilowesha mgongo mzima, yananuka kama beseni la kufulia mashuka meupe. Nikasema moyoni, mjanja huyu, limbwata kalificha ndani ya dawa ya kufulia.

Tangi lilipokauka nikalijaza upya kwa mpira wa bustani, ule tunaooshea banda la bata. Kisha nikaenda kunywa chai yangu kwa raha.

Aliporudi, akaingia karavani na mumewe. Mimi nikawa na shughuli ya ghafla ya kufagia hapo nje. Akafungua bomba la jikoni, akanusa. Akafungua la bafuni, akanusa.

"Mbona haina harufu?" akasema. "Dawa ikifika bombani lazima uisikie puani."

"Labda umetia kidogo," mwanangu akajibu, kamshikia kikombe, anatabasamu tu. Nikamwangalia nikamhurumia. Lilikuwa limeshaanza kumkolea.

Akatia tena, safari hii mara mbili ya mwanzo. Kesho yake akaenda kazini, na mimi nikaenda kazini kwangu, chini ya karavani. Kizibo, mgongo, mpira wa bata. Kwa kweli nilianza kuuona ukachero kama kazi inayonifaa.

Asubuhi ya safari nililitoa gauni langu jeusi, lile nililokuwa nalivaa nikilala chini ya karavani. Nilikuwa nimelifua na kulianika, nikalivaa bila hata kujitazama kwenye kioo. Nilitaka waondoke wakiwa wameniona na nguo ya msiba, roho ziwaume mpaka huko waendako.

"Mama, njoo uone tulivyoipamba," mkwe akaniita.

Nikapanda ngazi ya karavani nikiwa mbele yao. Nyuma yangu wakanyamaza ghafla, nikadhani ni lile jeusi limeanza kufanya kazi. Ndani, pembeni mwa dirisha, upande aliokuwa akilala mume wangu, palikuwa na kitanda kimetandikwa shuka langu. Juu yake, mto wangu.

"Hicho ni chako, mama," mwanangu akasema. "Tulitaka tukushtukize."

Nilikosa pa kuweka uso. Mkwe wangu naye hakunipa nafasi ya kupatafuta. Alikuwa anajaza glasi bombani, taratibu, macho kanitolea mimi.

"Tangi lilikaa na maji machafu miaka yote hii," akasema. "Na tumbo lako tunalijua, mama, linakasirika upesi kuliko wewe. Ndiyo maana nikatia dawa ya kuua vijidudu, unywe bila wasiwasi. Karibu, onja."

"Sina kiu."

"Basi baba, onja wewe," akampa mumewe.

Mwanangu akainua glasi. Niliona midomo ile niliyoilisha uji inakwenda kukutana na banda zima la bata, na ni mimi niliyelileta.

"Usinywe," nikasema.

"Kwa nini, mama?" mkwe akauliza, uso mkavu kabisa.

"Yana bata."

Akanisogelea, akashika gauni langu kwa nyuma, akalivuta mpaka ubavuni nione. Mbele lilikuwa jeusi. Mgongo wote ulikuwa na mabaka rangi ya chai ya maziwa.

"Nilikuwa naitafuta dawa yangu," akasema. "Kumbe umeivaa."

Mwanangu akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikawaambia yote, simu, limbwata, kizibo, kwa sababu mgongo ulikuwa umeshasema. Aibu niliyoisikia siku ile sitaki kuipima.

Mkwe wangu alisikiliza hadi mwisho. "Tangi zima, mama?" akauliza. "Limbwata kijiko kimoja tu kwenye chai kingetosha." Halafu akapunguza sauti. "Na huyu nilimpata bila dawa yoyote. Aliyenishinda ni wewe."

Nikashuka ngazi, nikaenda kuleta ndoo.

Safari ikaahirishwa. Tukawamwaga bata, tukasugua, dawa ikatiwa kwa mara ya tatu, kopo nikilishika mimi mwenyewe, na hakuna aliyeikaribia tena. Ilipokwisha kulala, tukalisuuza tangi kwa mpira mpya mweupe, tukafungua kila bomba mpaka harufu ikaisha. Mkwe akajaza glasi, akanipa.

"Humu umetia nini?" nikamuuliza.

"Kunywa kwanza, mama."

Nikanywa yote. Nikamrudishia glasi, nikamwambia aniongeze.