Chumba cha Kulia

1.

Usikanyage hapo, zege bado bichi. Pitia kwenye ubao. Haya. Umefika kwa Mzee Kobelo, dereva mstaafu wa malori, mtaa wa Kidondolo, Morogoro, na hilo unaloliona limechomoza ubavuni mwa nyumba kama jipu ndilo lililotuleta.

2.

Maneno ya Bi Semeni, mkewe, begi mkononi, arobaini ya mama yake ikiwa ndiyo kwanza imesomwa:

“Nakwenda Kilosa kwa mdogo wangu. Nitarudi ukinijengea chumba cha kulia. Na usinipigie kuniuliza, Kobelo. Ukiniuliza mara ya pili, nitajua hata ile ya kwanza hukusikia.”

Begi.

Bajaji.

Vumbi.

3.

Kilichosikika.

Mzee Kobelo ameendesha malori tangu enzi ambazo, akikuhadithia mwenyewe, simba wa Mikumi walikuwa wakisimama kando ya lami kumpigia saluti, na mmoja alimshikia jeki wakati anabadilisha tairi. Mtu kama huyo ukimtamkia kulia, kichwani mwake kuna jambo moja tu: usukani unafuata mkono anaolia ugali.

Basi. Mama anataka chumba upande wa kulia wa nyumba. Kuna jua zuri la asubuhi kule. Kazi ndogo hiyo.

(Wewe msomaji, kama umeshaanza kushuku kitu, nyamaza. Usimwambie.)

4.

Fundi Ngoda alikabidhiwa kazi akiwa na kipande cha muhogo mkononi. Hajapata kuonekana bila kitu cha kutafuna. Wapo wanaosema alizaliwa akitafuna, mkunga akavihofia vidole vyake.

“Fundi, nataka chumba cha kulia.”

“Hapo umenena, mzee! Familia ikae pamoja.”

“Familia gani? Cha mama peke yake.”

Taya zikasimama. “Peke yake? Kwani anakula sana?”

“Nani anakula?”

“Basi, mzee wangu, yaishe. Ya ndani kwa watu siyaingilii.”

5.

Mzee Kobelo alikwenda Mikese kutafuta mchanga. Aliporudi msingi ulikuwa umeshachimbwa.

“Ngoda! Huku ni kushoto!”

“Jiko liko huku, mzee.”

“Jiko limeingiaje hapa?”

“Sasa chakula kitokee wapi? Kizunguke nyumba kama mgambo?”

5 (upande wa pili).

Mzee Kobelo alisimama barabarani, akaitazama nyumba. Msingi ulikuwa kushoto.

Akaenda kusimama mlangoni, akaitazama barabara. Msingi ulikuwa kulia.

Akarudi barabarani. Kushoto.

Lori lina kulia kwake kwa sababu lina uso. Dereva akitazama mbele na lori linatazama mbele, hamna ubishi. Lakini nyumba, uso wake hasa uko

6.

Sauti ya fundi, kwa yeyote mwenye masikio:

“Mimi kosa langu nini? Kaagiza cha kulia, nimejenga cha kulia. Nimeweka sinki la kunawia mikono. Nimetoboa kidirisha ukutani, sahani inatoka jikoni inaingia mezani, mpishi hata kanga haimdondoki. Badala ya kunishukuru, mzee anatembea barabarani, anageuka, anarudi, anageuka. Watu wanadhani anajifunza gwaride.”

7.

Uani, kwa jirani, Mama Chausiku akianika nguo, mwenzake akimuuliza juu ya ua:

“Kwa Mzee Kobelo wanajenga nini?”

“Nimemsikia kwa masikio yangu. Chumba cha kulia.”

“Yarabi! Cha kumlilia mama mkwe wake?”

“Cha mkewe huyo.”

“Kumbe wanaume wa namna hiyo bado wapo. Wangu mimi nikilia ananiambia nipunguze sauti, anasikiliza taarifa ya habari.”

8.

OFISI YA MTAA WA KIDONDOLO
TANGAZO

Wakazi wote mnajulishwa kuwa kwa Ndugu Kobelo HAKUNA MSIBA. Kilichopo ni ujenzi. Waliopeleka majamvi wakayachukue. Aliyepeleka sufuria ya pilau afahamu kuwa fundi ameshaimaliza. Aidha, ni marufuku kwa mashabiki wa timu iliyofungwa Jumapili kuingia katika chumba tajwa na kulia kwa zamu, kwa kuwa hakijaezekwa.

Mwenyekiti

(Alisaini huku akijifuta macho. Naye ni shabiki.)

9.

Tangazo hilo Mzee Kobelo alilisoma akiwa amesimama katikati ya chumba, juu yake mbingu tupu.

Kulia.

Kulia?

Ku. Li. A.

Neno alilolitumia barabarani maisha yake yote, leo limempasukia kama tairi la nyuma.

10.

Mambo aliyoyaona wakati wa msiba, asiyaweke pamoja:

Bi Semeni anaingia chumbani, anarudishia mlango. Mtu anaingia nyuma yake: “Dada, sahani zile kubwa ziko wapi?”

Bi Semeni yuko nyuma ya nyumba, kauegemea ukuta. “Samahani, mama. Kuna pa kuchajia simu?”

Bi Semeni bafuni. Bomba limefunguliwa, maji yanakwenda, yanakwenda. Yeye mwenyewe Kobelo alimgongea: “Unamaliza maji na watu hawajatawadha!” Akatoka macho mekundu.

“Sabuni,” alisema.

Sabuni ilikuwa dirishani. Kavu.

11.

“Ngoda. Weka mlango mzito. Komeo ndani.”

“Komeo? Watu watamwibia ugali?”

“Weka.”

“Na kidirisha nizibe?”

Mzee Kobelo akapitisha kiganja kwenye kidirisha. Maana msiba ule ule, Bi Semeni alikula wa mwisho siku zote, wima jikoni, ukoko. Kama alimaanisha kula kweli? Meza yake, kiti chake, chakula kimfuate yeye? Akiziba kidirisha, amekosea. Asipoziba

“Acha.”

“Na upande je? Tuseme ni kulia au kushoto?”

“Kula muhogo wako.”

12.

Simu. Jina: MAMA. Kidole juu ya kitufe cha kijani.

Akimpigia, atajua hakusikia, na hatarudi. Asipompigia, atakuja na kukuta kitu ambacho hakukiomba, na begi halitatua chini.

Akaifutia simu shatini, akairudisha mfukoni.

Ikalia. Ujumbe wa shemeji: Dada kapanda basi. Chumba tayari?

Tayari, aliandika, kwa vidole vya mtu anayekubali kosa asilolijua mbele ya trafiki.

13.

Bi Semeni alishuka kwenye bajaji. Alizunguka nyumba. Alisimama barabarani akatazama. Akasimama mlangoni akatazama. Akaingia na begi lake, akagusa sinki, akagusa kidirisha, akakaa kwenye kiti kimoja kilichokuwemo.

Akainuka, akafunga mlango.

Komeo.

Mzee Kobelo yuko jikoni, upande wa pili wa kidirisha, sahani ya wali mkononi. Anasikiliza.

Maji yakafunguliwa.

Ananawa, basi. Ni kula.

Maji yanakwenda. Yanakwenda.

Hapana.

Maji yakafungwa. Sauti ikabaki peke yake, bila kujificha nyuma ya bomba; ikapanda, ikakatika, ikapanda. Mtu wa nje angeapa ni kilio. Mwingine angeapa ni kicheko cha mtu aliyeona sinki ndani ya chumba chenye komeo na kidirisha cha wali.

Akaweka sahani mbele ya kidirisha.

“Semeni wangu.”

Akausogelea ukuta.

“Ile mara ya kwanza. Sikusikia.”

Kidirisha kikafunguka upana wa kiganja. Mkono ukatoka, ukachukua sahani, ukaingia.

“Najua. Lete kiti kingine.”

14.

Cha kazi gani, hakusema. Naye safari hii hakujua kama aulize.

Akasikia komeo linavutwa.

Akakibeba kiti hadi mlangoni. Miguu ya kiti ikagoma kupita. Akakigeuza kushoto, ikagoma. Akavuta pumzi, akakigeuza



kulia.