Kompyuta Ndani ya Kanga

Clotilda aliliviringisha boksi la kompyuta kwa kanga kama anayebeba mtoto mgonjwa, akashuka ngazi kabla Amira hajafika kazini. Mtu akishikwa na homa huenda zahanati. Kompyuta ya Kariakoo ikisumbua hupelekwa kwa fundi ikapigwe window, yaani iwekewe mfumo upya. Ndivyo alivyojua miaka yote ya ukarani wake pale Msimbazi, katika chama kinachowaazima wagonjwa wasio na uwezo viti vya magurudumu.

Ila safari hii kompyuta haikuwa inaumwa. Amira, binti anayejitolea kuwasaidia mambo ya mitambo, alikuwa ameing'oa ile window ya kuchakachua iliyowaletea virusi mwaka jana, akaweka programu huria. Alipoieleza alitega kwanza, maana anajua udhaifu wa Clotilda kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nimegawia mtaa mzima, changu hakijapungua."

"Moto wa jikoni. Hicho cha watoto!"

"Basi na programu hii ni hivyohivyo, mama. Unachukua bure, unampa mwenzio, ruksa hata kuifungua ndani ukaitengeneza. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Wapi! Kila kitu kilikuwa kimehama, kama jiko lililopangwa upya na mawifi. Na Ijumaa mwenyekiti, Mzee Sadalla, anataka taarifa ya viti. Alishasema atakayeshindwa na mashine ampishe mwingine. Clotilda aliipenda kazi yake. Lakini kumwambia binti wa rika la mwanawe kwamba hajaelewa, mdomo ulikataa.

Fundi Goodluck alikuwa kibandani kwake, katikati ya chaja na vioo vya simu.

"Shikamoo mama. Tunapiga window?"

"Marahaba. Piga baba, fasta."

Goodluck akachomeka flashi. "Nikipiga, vilivyomo vyote kwaheri. Umehamisha vitu vyako?"

"Vitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Kompyuta si yako!"

Clotilda akakumbuka. Virusi vilipofuta kumbukumbu za viti, walizunguka nyumba kwa nyumba kuuliza kiti cha chama kiko kwa nani. Bibi mmoja wa Buguruni alilia akidhani wamekuja kumnyang'anya.

"Chomoa."

"Mama, bei si tunaongea..."

"Chomoa nimesema!"

Goodluck akachomoa, akacheka. "Kumbe umekuja kunisalimia tu. Kwani inakusumbua nini?"

"Sijui kazi zangu inaziweka wapi."

"Si umuulize aliyekuwekea?"

"Nilimwambia nimeelewa."

"Aa! Ugonjwa huo, mama, sina window yake."

Clotilda aliporudi ofisini, Amira alikuwa mlangoni, simu sikioni. "Mama, tumeibiwa!"

"Hatujaibiwa." Clotilda akafungua kanga. "Niliipeleka ikapigwe window. Sikuelewa, mwanangu. Hata siku ile ya kwanza sikuelewa."

Amira akashusha simu. "Ingefutika yote."

"Nimeambiwa."

Binti akavuta kiti, akaketi, akaikalia mikono yake. "Leo mimi sigusi kitu. Gusa wewe, ukikwama sema."

Clotilda akakwama, akasema. Akakwama tena, akasema kwa sauti hadi wauza vitambaa wa chini wakainua vichwa. Adhuhuri karatasi ya kwanza ikatoka kwenye printa tupu. Nyingine ikatoka imekatwa pembeni. Iliyotoka na taarifa nzima ya viti aliipuliza kama chai, akatoka nayo mwenyewe kwenda kwa Mzee Sadalla, bila kuingoja Ijumaa.