Bomba la Nyuma ya Jiko

Siku ya tatu ya msiba wa mume wangu, Ansbert, Irakoze alikuja na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa mkimbizi wa Burundi, tuliyezoea kumwita atupalilie maharage. Kwetu Kibimba hakuna anayekwenda msibani mikono mitupu. Wengine huleta kuni, wengine ndizi. Yeye alileta maji.

"Pole, mama. Nimechelewa," alisema. "Bomba letu la kambini siku hizi linatoa kama uzi. Nimepanga foleni tangu alfajiri."

Nilipokea ndoo nikitazama chini.

Nyuma ya jiko langu kulikuwa na koki, nimeifunika gunia waombolezaji wasiione. Mwaka uliotangulia, 1994, bomba la plastiki la kupeleka maji kambini lilipopitishwa shambani kwetu, Ansbert alingoja mafundi waondoke. Akalikata, akaunga kwa gundi bomba jembamba la kuja kwetu.

"Wamepita kwetu bila hodi," alisema. "Na sisi tupite kwao."

Nilicheka. Mwaka mzima niliogea maji yale.

Irakoze alipokwenda kukaa na wanawake, nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko. Mama mkwe wangu, Verediana, alinikuta nimeshafukua hadi kwenye maungio.

"Tecla, unalima? Msiba haujaondolewa na wewe umeshika jembe?"

"Silimi, mama. Natoa bomba."

"Ngoja watu waondoke. Mwanangu hana hata wiki kaburini, unataka aitwe mwizi?"

Sikungoja. Nilidhani gundi ile hulegea kwa moto kama ya viatu, nikamwagia maji yaliyochemka, nikashika bomba jembamba kwa mikono miwili na kulisokota. Maungio hayakuachia. Lililopasuka ni bomba kubwa. Maji yakaruka juu kuliko paa la jiko, na wanawake wote wakaja mbio. Irakoze alitazama koki, akatazama gunia.

"Kumbe yanaishia hapa," alisema taratibu.

Idefonsi, fundi wa maji wa kambi, aliitwa. Alifunga maji huko juu, akapiga magoti kwenye tope na msumeno wa chuma.

"Ulitaka kuyafungua?" aliniuliza. "Gundi hii ikishakauka, mabomba yamekuwa kitu kimoja. Hapafunguliwi, panakatwa."

Akakata upande huu na upande ule, akatupa maungio, akafuta ncha mpaka zikakauka, akabandika kipande kipya.

"Nani aliyaunga?"

Verediana alinitazama. Marehemu hajitetei, na ningeweza kumtwika lawama yeye peke yake.

"Mume wangu aliunga," nilisema. "Mimi nilimshikia bomba. Tulifanya wawili."

Idefonsi hakuandika chochote. Alisema tu maji yasifunguliwe mpaka gundi ishike vizuri. Verediana aliingia ndani, na mpaka msiba ulipoondolewa hakunisemesha.

Kesho yake hakuna aliyetuletea maji. Nilichukua ndoo nikaenda kambini, nikasimama mwisho wa foleni. Maji yalitoka kwa nguvu. Watu walinitambua, wakanong'ona kwa Kirundi, nami nikasikia kila neno, maana lugha yetu, Kihangaza, haiko mbali nacho.

Irakoze alikuwa mbele kabisa. Aliniona, akarudi nyuma mpaka nilipo.

"Mfiwa hapangi foleni," alisema.

Nilimwambia nitasubiri kama wengine. Alichukua ndoo mkononi mwangu, akaenda kuijaza kabla ya yake.