Shahidi wa Mwezi

"Enyi Waislamu wa Garsen na vitongoji vyake, waume kwa wake, mlio majumbani na mlio malishoni. Kwa idhini ya Mola, mimi Mukhtar, mja dhaifu, nimejaaliwa kuuona mwezi mwandamo wa Idi."

Hadhara ilimsikiliza kwa adabu kubwa. Ilikuwa hadhara ya mbuzi watatu na punda wa maji, na mbuzi mmoja aliondoka hotuba ikiwa katikati.

Ilikuwa jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, nyuma ya msikiti, na Mukhtar hakuwa ameuona mwezi wowote. Hakuna aliyeuona. Upande wa machweo wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya mbuga kama ng'ombe aliyekufa. Upepo ulikuwa umekata ghafla, hata makuti ya mikoma yakanyamaza. Fahali wa Idi alikuwa amefungwa uani na alikataa kulala. Kando yake mtu alinoa kisu polepole, akingoja neno.

Huko Hola, kwenye shule ya bweni, Mukhtar alikuwa mtu mashuhuri. Ndiye aliyeiga sauti ya mwalimu mkuu dirishani akalilaza bweni zima kabla ya chakula cha jioni. Nyumbani hakuwa kitu. Mama yake, Mpokomo wa Chara, alisilimu alipoolewa na Muorma wa Garsen, akaja na kitoto chake kilichoitwa Martin. Kitoto kikapewa jina la Mukhtar, kikasoma madrasa, kikafunga, kikahifadhi sura nyingi kuliko Mahadi, mwana wa mwenye duka. Lakini safu zilipopangwa alibaki pembeni, penye viatu, na alipotawadha wazee walimtazama kama mgeni anayewahesabia ng'ombe wao.

Basi akaamua kuwaletea Idi. Aletaye Idi hawezi kukaa penye viatu.

Kwa Idi hutakiwa mashahidi wawili. Wa pili alimkuta ameketi ukutani, Mzee Dukicha, mchungaji mwenye ukungu machoni, mtu pekee aliyekuwa akimuuliza hali ya mama yake.

"Pale, babu. Chini ya wingu, penye ule ufa."

Mzee alitazama sana. "Mimi naona kama weupe."

"Ndio wenyewe huo."

Walipoingia msikitini watu walikuwa wamemaliza Magharibi, wakisubiri habari. Mahadi alikuwa wa kwanza kuisikia.

"Martini, ni mwezi umeona au ni nyota ya Krismasi?"

"Nyamaza," alisema Sheikh Jibril, imamu wao. "Huyu ni Mwislamu, na ushahidi wake ni ushahidi. Mukhtar, njoo mbele."

Wakampisha. Bega lake liligusana na mabega ya wenye ng'ombe, huku na huku, na mmoja wao akamsogezea kikombe cha kahawa bila kuombwa. Mukhtar akanywa. Alihisi kuwa angeweza kuishi pale, katika ile safu, mpaka azeeke.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Sheikh. "Mji huu ukila kesho kwa neno lako, na neno lako likawa si kweli, funga ya kila mtu iko shingoni mwako. Ya wagonjwa waliojikaza, na ya watoto waliofunga mara ya kwanza. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Pembe za mwezi zilielekea wapi?"

Mukhtar alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali.

"Chini, Sheikh. Zililielekea jua."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtia baridi. Mle ndani walikuwa watu waliozoea kukesha nje na ng'ombe usiku kucha, na kila mmoja alijua kwamba mwezi mchanga huligeuzia jua mgongo. Nje, kisu kiliendelea kwenye jiwe, shaa, shaa. Bega la kulia likajitenga na lake, kisha la kushoto.

Hapo Mzee Dukicha akainuka, akijishikilia nguzo.

"Hivyo hivyo. Mimi pia niliona hivyo."

Minong'ono ikapita. Huyu alikuwa mtu aliyeshusha makundi kutoka Nanighi mpaka huku chini kwa kuufuata mwezi, na tangu ujana wake hakuna aliyelitilia neno lake shaka. Sasa watu walitazamana, na baadhi wakainamisha vichwa kwa aibu, kwa niaba yake.

"Mzee," Sheikh akasema taratibu, "pembe kulielekea jua? Utaliapia hilo?"

"Mtoto wetu amesema ameona. Mimi nitamwacha peke yake? Naapa."

Mtoto wetu. Mukhtar alikuwa amelingoja neno hilo miaka yote, na sasa lilikuwa limemfikia. Mkono wa mzee, uliokauka kama fimbo, ulikuwa unapanda.

"Shusha mkono, babu," alisema Mukhtar.

Mkono ukasita.

"Sikuuona, Sheikh. Niliona wingu tu. Nilitaka siku moja niseme jambo, na ninyi mniamini."

"Na mzee?" Sheikh aliuliza. "Yeye aliona nini?"

Mukhtar aliinama. Ile sauti aliyomwigia mwalimu mkuu haikuwepo tena, ilibaki yake tu, nyembamba.

"Alikuwa ametazama mashariki, kwenye taa ya duka la kina Mahadi. Mimi ndiye niliyemshika kidevu nikamgeuzia huko, apate weupe wa kuona."